Taa Iliyowaka Mlima wa Pinetown

Mimi na ile taa tulichukiana tangu siku ya kwanza. Ilikuwa ndogo, rangi ya chungwa, ina picha ya injini katikati, na ilikaa kwenye dashibodi ya gari moja la michezo la Kijapani, la milango miwili, lenye rangi ya bilinganya. Injini ikiwa salama, huioni. Injini ikiwa na neno, inawaka na kukukodolea. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, ishirini kati ya hiyo nimeshika spana, na sikuzoea kukodolewa na taa.

Gereji yetu ilikuwa Overport, mtaa mmoja wa Durban, kwenye uchochoro nyuma ya mstari wa maduka. Mwenyewe alikuwa Mhindi mzaliwa wa Durban, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwa kali, aliyesoma vitabu vya magari kama wengine wanavyosoma gazeti. Macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo kazi ya mikono ilikuwa yetu sisi wawili. Mimi nilikuwa fundi mkuu. Mwenzangu alikuwa Mkongo wa Bukavu, mdogo wangu kwa miaka kumi hivi, ambaye kwao alikuwa fundi wa redio na televisheni kabla vita havijamtoa mbio. Nilimkuta mtaa wa Point, tulikokuwa tumepanga korido moja, amekaa chini anatengeneza pasi ya jirani kwa kisu cha mezani. Nikasema moyoni, huyu ana mikono. Nikampeleka kwa bosi, nikasema huyu atatufanyia mambo ya umeme, mimi nayajua ila sina subira nayo.

Uongo mtupu. Nilikuwa siyajui.

Yeye aliniita Grand. Kwao ndivyo unavyomwita mkubwa wako, kaka aliyekushika mkono. Mke wake alikuwa bado Bukavu, na mipango ilikuwa afike kabla mwaka haujaisha. Kila mchana tukikaa juu ya matairi tunakula mkate na maharage, ananirudia maneno yale yale.

"Grand, siku bibi yangu anafika, nitamuonyesha weye wa kwanza. Nitasema, huyu njo Grand. Njo alinipokea Durban, njo alinipa kazi."

"Bibi ni mama mzaa mama, bwana wee! Sema mke wangu. Mbona mnakitesa hivi Kiswahili cha watu?"

Anacheka, anaendelea na bibi yake. Lakini sitaficha, nilipenda kusikia. Wanangu walikuwa Tanga, na Durban nzima hakukuwa na mtu mwingine aliyepanga kunionyesha kwa mtu.

Kilichomtia wasiwasi kilikuwa chumba. Mwenye jengo letu alikuwa hana simile: ukitaka chumba cha peke yako, lete barua ya mwajiri, na kila miezi sita lete nyingine mpya. Huna barua, unashushwa vyumba vya chini, wanaume sita kwa chumba, mahali usipoweza kumleta mke. Barua yake ilikuwa inakwisha mwezi ule ule ambao taa ilikuwa inatusumbua. Nilijua hilo vizuri kabisa. Naliandika mapema ili mtu asije akafikiri sikujua.

Mwenye gari alikuwa mama mmoja mfamasia, wa pale pale Overport, mwenye duka la dawa Pinetown. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa kuongea, lakini akishika usukani hivi, utadhani anakimbizwa. Viatu vyake vya visigino vilikaa kiti cha abiria, yeye akiendesha kwa raba nyeupe. Mara ya kwanza alileta gari kwa sevisi ya kawaida tu, kumwaga oili na kubadili plagi. Nikaifanya kwa moyo mmoja, nikamalizia kwa namna yangu.

Namna yangu niliipata kwenye karakana ya shamba la mkonge, huko Tanga, nilikofundishwa kazi. Kule vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chumvi. Gari halitoki karakana mpaka ufute boneti kwa kitambaa, ukaze kifuniko cha rejeta, uipe filta ya hewa oili kidogo ishike vumbi, useme bismillahi, ndipo ufunge. Malori yetu ya zamani filta zake zilikaa ndani ya bakuli la oili hasa. Zilipokuja filta za karatasi, mwalimu wangu aliendelea kuzinyunyizia, na sisi wanafunzi wake tukaendelea. Ilikuwa ndiyo adabu ya kazi. Gari likitoka bila hiyo nilijiona kama nimempa mgeni chakula bila maji ya kunawa.

Wiki mbili baada ya sevisi mama akarudi, raba zake miguuni.

"Taa," akasema. "Nusu ya mlima wa Pinetown inawaka, na gari linakuwa zito kama limebeba mawe."

Gari lile lilikuwa na kawaida ya kusema ugonjwa wake lenyewe. Chini ya boneti kulikuwa na kiboksi chenye vitundu. Unaunganisha vitundu viwili kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, halafu unahesabu taa inavyokonyeza. Ilikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara tano. Bosi akafungua kitabu chake, akakisogeza mpaka puani. Ishirini na tano: injini inapata hewa nyingi kuliko petroli.

"Basi kuna mpira unavuja," nikasema. Nikabadili mipira yote ya hewa, mmoja mmoja. Tukachomoa fyuzi ili kompyuta isahau, taa ikazimika, nikamalizia kwa namna yangu, mama akaenda zake.

Siku kumi. Mbili, pumziko, tano.

Safari hii nilishusha pampu ya petroli, nikasafisha nozeli, nikakagua ekzosi mpaka mwisho wake. Mwenzangu akapima waya zote kwa mita yake, akakuta mbili zimeoza karibu na ekzosi, akazikata na kuziunga upya kwa risasi ya kulehemu, kazi safi, hata mimi niliisifu. Taa ikazimika, nikamalizia kwa namna yangu.

Siku kumi na mbili. Eish! Mbili, pumziko, tano. Nilianza kuiota. Usingizini naona watu wananikonyeza, wawili, halafu watano.

Mama mfamasia hakufoka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Alisema kwa upole kwamba atajaribu gereji nyingine, ya vijana wenye kompyuta. Bosi alimwomba nafasi moja tu, ya mwisho. Mama alipoondoka, mzee akavua miwani, akatuita wote wawili mezani kwake.

"Kabla gari hili halijaingia hapa lilikuwa zima," alisema. "Limeharibikia mikononi mwetu. Nani aligusa waya?"

Swali lenyewe halikuwa na maana. Taa iliwaka kabla waya haijaguswa, na mimi nilijua, kwa sababu niliihesabu kwa macho yangu. Lakini nikaona barua yangu mwenyewe, chumba changu, fedha ya shule ya watoto Tanga. Nikasema, "Yeye."

Nilisema hivyo kwa mdomo huu huu ninaokulia.

Bosi akamgeukia mwenzangu. "Taa ikiwaka mara moja tena, wewe utatafuta kazi pengine."

Mwenzangu aliniangalia kidogo, kisha akasema, "Oui, patron." Akarudi kwenye gari.

Kutwa nzima ya siku iliyofuata alikuwa ameinama ndani ya boneti ile, hata mkate hakula. Jioni tukalipeleka mlimani, mimi nikiendesha, yeye amepakata mita yake. Nikalikanyaga kweli kweli. Gari lilipanda mlima wa Pinetown mpaka malori tuliyoyapita yakatupigia honi. Taa haikuwaka. Tukageuza, tukashuka, tukapanda tena. Kimya. Alhamdulillahi! Nilipiga usukani kwa furaha, naye akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Tulisimama kwenye robot, taa ya barabarani kwa lugha ya huko, ya mwisho kabla ya Overport. Akasema, polepole kama mtu anayeshika kitu kilicho moto, "Grand, leo nilisafisha ile capteur ya hewa." Capteur ni sensa kwa Kifaransa chao; aliisema ile iliyo kwenye bomba kubwa, baada tu ya filta. "Ilikuwa na mafuta juu yake. Mafuta inatoka wapi?"

"Injini ina mafuta, bwana. Ulitaka iwe na chai?"

Alicheka kidogo. "Kweli. Lakini Grand, kila mara unafunga boneti, iko kitu moja niko naona..."

Robot ikawa kijani. "Wewe kaa na waya zako," nikamwambia, nikakanyaga mafuta. "Miaka ishirini nafunga boneti. Wewe ulikuwa unafunga redio."

Tulipofika gereji nikafuta boneti, nikakaza kifuniko cha rejeta, nikachukua kopo la oili. Yeye alikuwa amesimama pale pale, anapangusa mikono. Aliona yote.

Jumatano ya wiki ya pili, saa nne asubuhi, mama akaingia na gari lake. Hakuzima injini. Alinyoosha kidole kwenye dashibodi, basi.

Bosi hakupiga kelele. Alimwambia mwenzangu akusanye vitu vyake. Vilikuwa vichache: mita, pasi ya kulehemu, koili ya risasi, koleo ndogo mbili. Alivifunga ndani ya taulo, akaaga vizuri, akamshukuru mzee kwa muda wote. Mlangoni akasimama karibu yangu.

"Grand, safisha ile capteur na alcool. Halafu usiongeze kitu."

"Nisiongeze kitu gani?" nikauliza kwa ukali. Nilikuwa nimekasirika, sijui hata na nani.

"Hapana ongeza kitu," akarudia, akaenda.

Nilibaki na gari. Nikafungua bomba, nikaitoa ile sensa. Ndani yake kuna kiwaya chembamba kama unywele, umeme unakipasha moto, hewa ikipita inakipoza, na kwa namna hiyo kompyuta inajua ni hewa kiasi gani imeingia na inatoa petroli ya kutosha. Kiwaya kilikuwa kimevaa utando wa kahawia, wa kunata, na vumbi juu yake. Waya ukiwa na blanketi namna hiyo hauisikii hewa yote. Kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inabana petroli, mlimani injini inakosa pumzi. Hata hapo sikuelewa. Nilikisafisha kwa brashi laini na spiriti mpaka kikang'aa, nikarudisha kila kitu, nikachomoa fyuzi na kuirudisha. Taa ikazimika. Nikafuta boneti. Nikakaza kifuniko cha rejeta.

Nilipokuja kushtuka, kopo la oili lilikuwa tayari mkononi mwangu, limeinama juu ya filta, na tone la kwanza limening'inia mdomoni.

Nikaliweka kopo chini. Nikaitoa filta nikaitazama kwa mara ya kwanza kama kitu ambacho sijawahi kukiona. Karatasi ilikuwa imelowa kahawia, imelegea kama kitumbua kilichozidi mafuta. Ndani ya bomba, kati ya filta na sensa, kulikuwa na vijitone vimejipanga. Injini haikuwa na kosa. Waya hazikuwa na kosa. Kila mara nilipoliponya gari lile nililitia ugonjwa mwenyewe kwa mkono wangu, kwa adabu, na kwa bismillahi juu yake.

Na yeye alijua. Amesimama pale anapangusa mikono, anajua. Neno moja tu kwa bosi lingemwokoa, naye akaondoka na taulo lake bila kulisema.

Nikaweka filta mpya, kavu. Nikafunga boneti.

Hapo ndipo ningemwendea mzee, meza ilikuwa hatua kumi tu. Sikwenda. Nilijiambia nitasema kesho, baada ya kuhakikisha. Kesho yake gari likapanda mlima bila taa, na keshokutwa, na wiki nzima. Mama mfamasia akaleta sambusa, sahani imefunikwa kwa kitambaa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Bosi akasema mbele yake, "Umeona? Alipoondoka yule tu, gari limepona." Nikachukua sambusa, nikala. Nilikuwa mwoga, sina jina jingine la kulipa jambo lile.

Mwenzangu angekuwa anaishi mbali ingekuwa nafuu. Lakini vyumba vyetu vilikuwa korido moja, na kila alfajiri tulikutana kwenye bomba, kila mmoja na ndoo yake.

"Grand, umelala muzuri?"

"Salama."

"Na ile gari?"

"Imepona."

"Aksanti Mungu," anasema, na kweli anashukuru, unaona usoni. Kisha anachukua ndoo yake. Mara ya kwanza nilirudi chumbani nikakaa kitandani bila kunywa chai. Siku zilivyokwenda nikaanza kuamka mapema zaidi, nichote maji kabla hajatoka.

Yalipita majuma matatu. Asubuhi ya Ijumaa moja nikamkuta mwenye jengo koridoni, anamwonyesha mtu mwingine chumba cha mwenzangu, mlango ukiwa wazi na mwenzangu amesimama kando, mikono nyuma. Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumanne. Ndani ya chumba niliona pazia jipya la maua. Alikuwa ameshalitundika kwa ajili ya mke wake.

Siku hiyo niliingia gereji sikuvua hata koti. Nikamwambia mzee yote: shamba la mkonge, bakuli la oili, kopo, sambusa. Alisikiliza miwani ikiwa mkononi.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile aliyoondoka."

Akavaa miwani yake. Nilidhani ananifukuza, na nilikuwa nimeshajiandaa. Badala yake akavuta karatasi, akaandika barua ya kazi yenye jina la mwenzangu, akapiga muhuri. "Mpelekee mwenyewe," alisema. "Mwambie Jumatatu. Na lile kopo lako nisilione tena humu ndani." Hakuniangalia.

Nilimkuta chumbani anafungasha vyombo. Nikampa barua, nikamweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia nikae. Nilisema samahani. Nilisema hata yale ya mezani kwa bosi, nilivyosema "yeye", ingawa alikuwapo na aliyasikia.

"Kwa nini hukumwambia mzee?" nikamuuliza. "Ulijua."

"Namna gani niseme mbele ya patron kama mukubwa wangu hajui kazi yake?" Aliikunja barua vizuri, akaitia mfukoni. "Nilikuwa nangoja weye uone. Ukiona, utasema." Halafu akauliza, bila ukali hata kidogo, "Uliona lini?"

Ningeweza kusema jana. Nilikuwa na uongo mwingi mdomoni siku zile. "Siku ile ile," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesoma mita na kuandika namba. Akasema aksanti kwa barua. Akaanza kufungua vyombo alivyokuwa amefungasha, sufuria moja moja, akazirudisha kwenye rafu.

Jumatatu alirudi kazini. Tulifanya kazi vizuri, pengine vizuri kuliko kwanza, maana nilikuwa sasa namuuliza mambo ya umeme waziwazi na yeye ananieleza. Mkate na maharage tulikula pale pale juu ya matairi. Habari za kumuonyesha mtu kwa mtu hakuzigusa tena, na mimi sikuwa na uso wa kuziuliza.

Mke wake alifika Novemba. Nilikuwa natoka msikitini, nikawaona mbele ya jengo, wanashusha mizigo kutoka kwenye teksi, mwanamke mwembamba aliyechoka, kitambaa cha buluu kichwani, anatazama ghorofa zile kwa mshangao. Nikanyoosha kofia yangu. Nikawaendea kwa haraka, nikitabasamu, Mungu anisamehe, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mwenzangu aliniona, akanisalimia vizuri. Kisha akamgeukia mke wake.

"Huyu iko jirani," akasema. "Anafanya kazi kwa garage."

"Aksanti, jirani," mama yule akaniambia, akanipa mkono.

Nikamwambia karibu sana Durban. Nikachukua begi lililokuwa zito zaidi, nikatangulia ngazi.